Anapanga nani? Soli, kisu cha moto na mnyororo unaosubiri

Fundi alikitoa kisu kwenye mkaa, akapuliza majivu, akakigusisha kwenye soli ya kiatu changu.

Kikazama. Wala hakusukuma, kilizama chenyewe, na kamoshi kembamba kakapanda kenye ile harufu tamu-tamu ambayo ukishawahi kuinusa maabara hauisahau. Afu akakirudisha kisu kwenye mkaa, akasubiri kidogo, akachukua kipande cha tairi alichokuwa anakichonga cha katambuga, akakigusisha vilevile. Moshi mweusi, harufu mbaya, alama ya kuungua. Kisu hakikuingia.

"Sasa mwalimu, wewe si ndo unafundisha kemia pale juu?"

"Ndiyo mzee."

"Hii mpira, hii mpira. Moja inayeyuka, moja haiyeyuki. Nieleze."

Na mimi kwa kujiona najua nikamwambia mzee, tena ngoja nikushangaze, hizo zote mbili zimetengenezwa kwa vitu vilevile. Hiyo soli imeandikwa TPR hapo chini, yaani mpira unaoyeyuka kwa joto, mara nyingi ndani yake kuna stairini na butadaini, kemikali mbili za kutengenezea plastiki na mpira. Na tairi la gari dogo lina mpira mwingi wa stairini na butadaini hizohizo. Tofauti ni mpangilio tu.

Akaniangalia juu ya miwani.

"Anapanga nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli. Bahati nzuri akaja mama mmoja na viatu vya shule vya watoto watatu, nikalipa, nikaondoka na kiatu changu kimezibwa vizuri kabisa.

Hiyo ni wiki ya tano sasa.

## Jibu la salfa

Usiku ule nilijilaumu kwanza kwa sababu jibu rahisi lilikuwepo na sikulitoa. Tairi limepikwa na salfa. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli ndogo zilizoungana (ndo tunaita polima), na salfa inashona mnyororo huu na ule na ule mwingine mpaka tairi zima linakuwa kama kitu kimoja kilichofungamana, sasa hapo utayeyusha nini, labda ukichome. Kila mwanafunzi wangu anaweza kukwambia hilo, tena wengine kwa kukariri neno kwa neno.

Ila kadiri nilivyolifikiria nikaona jibu la salfa linaeleza tairi peke yake. Linaeleza kwa nini *haliyeyuki*. Halielezi kwa nini soli yangu, ambayo haina salfa ya kuishona, inakaa umbo lake. Nimeivaa mwaka na nusu. Imekanyaga lami ya saa nane mchana, imekunjwa mara sijui ngapi, na kila ikikunjwa inarudi. Ukichukua mpira wa stairini na butadaini zilizochanganyika hovyo ukaacha kuupika na salfa unabaki na kitu kinachonata na kutambaa, hakifai hata kuziba pancha.

Kwa hiyo kuna kitu kinaishika ile soli kutoka ndani. Na hicho kitu kinaachia kikiguswa na kisu cha moto, afu kinashika tena kikipoa.

Kitu chenyewe ni ncha.

Kila mnyororo mle ndani una sehemu tatu. Mwanzo ni stairini tupu, mamia yake zimefuatana. Katikati ni butadaini tupu, ndefu, laini, hiyo ndo inayovutika. Mwisho stairini tena. Stairini na butadaini zikishakuwa minyororo mirefu hazipendani, ni kama mafuta na maji, kwa hiyo zile ncha zinakimbiliana na kukusanyika kwenye vidonge vidogo vya makumi ya nanomita tu, na kila kidonge kinashika ncha za minyororo mingi kwa pamoja. Polistairini, yaani huo mnyororo wa stairini tupu, chini ya nyuzi kama 100 ni ngumu, kama kile kikombe cha plastiki kinachopasuka kwa kelele. Ikipita hapo inalainika. Ndo maana kisu kikazama.

Sawa. Lakini hapo sijajibu swali la mzee, nimelisogeza tu. Maana kwenye kipande cha soli kinachotosha kiganjani kuna minyororo mingi kuliko watu wote waliowahi kuishi, na kila mmoja una stairini ncha hii, butadaini katikati, stairini ncha ile, na urefu unakaribiana.

Anapanga nani?

## Sekunde moja

Njia ya kawaida ya kutengeneza polistairini ni ya radikali, yaani ncha ya mnyororo ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na kwa radikali mnyororo hauna maisha. Unazaliwa, unaunganisha stairini mamia au maelfu ndani ya sekunde moja hivi, labda sekunde chache, unakutana na mwenzake, wanashikana, basi. Umekufa. Mwingine anazaliwa. Ukija baada ya saa moja ukamimina butadaini, wale wa stairini wote ni maiti zamani, butadaini inaanza minyororo yake yenyewe pembeni. Unapata mchanganyiko wa polima mbili zisizojuana. Na ukizimimina zote mbili kwa mpigo unapata ule mpira wa tairi, stairini hapa butadaini pale, bila utaratibu, na mfupi kwa mrefu humohumo.

Yaani ili uwe na mwanzo, kati na mwisho, ni lazima mnyororo uweze kusubiri.

Hapo ndo nikakumbuka chupa yangu.

## Miligramu tisa

Nilisoma shahada ya pili Ujerumani, chuo sikitaji kwa sababu yaliyonikuta pale ni makosa yangu na ya mpira mmoja wa kuzibia chupa. Kazi niliyopewa miezi ya mwanzo ilikuwa ni kutengeneza polistairini kwa njia ya anioni, yaani ncha ya mnyororo inabeba chaji hasi. Gramu 10 za stairini, minyororo ya uzito wa 20,000. Ukigawanya, unahitaji milimoli 0.5 (moli ni kipimo cha kuhesabu molekuli) ya butili-lithiamu, kila chembe ya butili-lithiamu inaanzisha mnyororo mmoja, mnyororo unakuwa na stairini kama 192. Hesabu ya darasani kabisa. Hilo ndo jambo lililonipendeza, kwamba urefu unaupanga kwenye daftari kabla hujavaa koti la maabara.

Sasa chukua hesabu hiyohiyo uigeuze. Molekuli moja ya maji inaua mnyororo mmoja. Milimoli 0.5 ya maji ni miligramu 9.

Tone moja la maji ni kama miligramu 50.

Kwa hiyo tone moja linaua kazi yako yote mara tano, na hilo tone huwa halionekani, limejitandaza kwenye kuta za chupa, kwenye sindano, kwenye pumzi uliyovuta karibu na mdomo wa chupa. Nilikuwa natumia siku tatu kujiandaa kwa jambo la dakika. Stairini unaipitisha kwenye alumina kuondoa ile dawa inayowekwa kiwandani isigande njiani (maana stairini ukiiacha kwenye joto inaganda yenyewe, mwaka 1839 Eduard Simon, muuza dawa wa Berlin, aliikamua kwenye utomvu wa mti, akaona inageuka kama jeli, akadhani imeshika oksijeni). Afu unaikausha kwa haidraidi ya kalisiamu, unaikeneka kwa vakyumu. Kiyeyushi unakichemsha na sodiamu na benzofenoni mpaka kiwe cha buluu iliyokolea, hiyo buluu ndo inakwambia hakuna maji wala oksijeni iliyobaki. Chupa unaipiga moto kwa tochi ya gesi huku unaivuta hewa, unajaza argoni, unavuta tena, unajaza tena.

Mara ya kwanza nikachoma sindano ya butili-lithiamu, ikatokea rangi. Nyekundu ya machungwa, nzuri, inazunguka na kile kisumaku chini ya chupa kama juisi ya rosela. Nikageuka kumwita mwenzangu, Mturuki mmoja aliyekuwa mbele yangu mwaka mzima. Tuliporudi wote wawili chupa ilikuwa na kitu cheupe kama maji ya kuoshea mchele.

"It died," akasema. Akarudi kwenye meza yake.

Mara ya pili ikafa. Mara ya tatu ikafa, na safari hii niliiangalia. Inaanzia juu, karibu na ule mpira wa kuzibia niliokuwa nimeuchoma sindano mara nyingi sana wiki ile mpaka ukawa unavuja. Nyekundu ikaanza kufifia pale juu kama mtu anafuta ubao kwa kitambaa kibichi, ikashuka, ikashuka, kama sekunde kumi hivi, ikaisha. Nilisimama pale nikiwa nimeshika sindano tupu. Nilikuwa na miaka 26 na sijawahi kuhuzunishwa na rangi.

Mara ya nne nilibadilisha mpira wa kuzibia. Rangi ikakaa. Nikala chakula cha mchana, nikarudi, ipo. Nikaenda kwenye basi la jioni nikiwaza je kama usiku itaondoka, asubuhi nikaingia kabla ya wote, ipo. Stairini yote ilishaisha zamani, hakuna chakula, na minyororo bado ilikuwa inasubiri, kila mmoja na ile chaji yake hasi mdomoni. Ukiwapa tena stairini wanaendelea palepale walipoishia. Ukiwapa butadaini wanaipokea, na rangi inapauka inakuwa njano hafifu.

Nikamimina methanoli kidogo kuifunga kazi. Rangi ikatoka mara moja. Najua ni kemikali tu lakini nilisita kabla ya kumimina, na nadhani kila aliyewahi kuifanya hii kazi alisita mara ya kwanza.

## Nyekundu iliyokaa

Aliyeiita minyororo hii inayosubiri kuwa hai ni Michael Szwarc, mzaliwa wa Będzin, Poland, 1909. Alisoma Warsaw, akapita Jerusalem, akapita Manchester, 1952 akafika Syracuse, jimbo la New York, kwenye chuo cha misitu. Ndiyo, misitu. Hakuwa hata anahangaika na plastiki, yeye kilichomsumbua ni elektroni zinahamaje kutoka molekuli hii kwenda ile.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1955 alikuwa anaongea na Samuel Weissman wa St. Louis kuhusu sodiamu na naftalini (naftalini hiihii ya kwenye kabati la nguo), ambazo zikichanganywa zinatoa rangi ya kijani, na kwamba naftalini hapo inaweza kumpa jirani elektroni. Szwarc akauliza, mmejaribu kuipa stairini? Akaambiwa haifai, stairini inageuka polima, inaharibu kazi.

Mtu mwingine angeishia hapo.

Yeye na vijana wake wawili, Moshe Levy na Ralph Milkovich, wakatengeneza chombo cha kioo kitupu, kilichofungwa kila mahali, wakaingiza stairini kwenye ile kijani. Ikageuka nyekundu palepale. Stairini ikaisha, nyekundu ikabaki. Wakaongeza stairini, uji ukawa mzito zaidi, nyekundu imebaki. Wakaweka isoprini, ndugu yake butadaini, ikaungana na minyororo ileile ya stairini. 1956 wakaandika. Szwarc akaziita polima hai, jina likashika.

Ninachokipenda hapo ni kwamba hawakugundua njia ya kuamrisha mnyororo. Waliondoa kila kitu kinachouua, wakakuta kumbe kwa asili yake haukuwa na sababu ya kufa. Anioni mbili hazishikani, zote zina chaji hasi, zinasukumana. Radikali zinashikana, anioni hapana. Kifo tulichokizoea kilikuwa cha maji na hewa, sisi ndo tuliokuwa tunakiingiza.

Milkovich baadaye akaenda Shell, na mwaka 1965 Shell ikatangaza Kraton: stairini, butadaini, stairini. Mpira usiohitaji salfa, unaoyeyuka na kumiminwa kwenye kalibu kama plastiki. Kutoka chombo cha kioo cha chuo cha misitu mpaka hapo ni miaka tisa. Na kutoka hapo mpaka mguuni kwangu ni bei ya soko la mitumba.

## Waliolala

Basi hapo kwa wiki mbili nilikuwa najiona nimepata jibu. Anapanga nani? Hakuna mtu mzee, mnyororo haufi, unasubiri, wewe unamimina hiki, kikiisha unamimina kile. Nilikuwa nimeshaanza kujifanyia mazoezi ya kumwambia.

Kilichonivuruga ni swali la mwanafunzi, kidato cha sita, binti mmoja mkimya ambaye akiuliza kitu ujue umekwisha. Nilikuwa nimewasimulia hii habari nje ya silabasi kwa sababu Ijumaa mchana hakuna anayesikiliza silabasi. Akasema, mwalimu, kwa hiyo kwa radikali haiwezekani kabisa?

Inawezekana. Na namna inavyowezekana imenifanya nilale vibaya.

Wataalamu wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, Solomon, Rizzardo na Cacioli, waliweka hati miliki miaka ya katikati ya 1980, na 1993 Michael Georges na wenzake wa Xerox kule Canada wakaonyesha kwa stairini: weka nitroksidi, ni radikali ya aina yake, mvivu, hapendi kushikana na mwenzake wa aina yake ila anapenda kushikana na ncha ya mnyororo. Chemsha nyuzi mia na ishirini na kitu. Nitroksidi inaishika ncha, mnyororo unalala. Joto linauamsha, unaongeza stairini moja mbili, unashikwa tena, unalala. Inachukua siku, siyo sekunde. Wakati wowote ukichungulia, anayetembea ni mmoja kati ya mamia ya maelfu, pengine milioni, wengine wote wamelala. Na kwa sababu wote wanalala na kuamka kwa zamu, wote wanakua sawasawa.

Baadaye zikaja njia nyingine, za shaba, Matyjaszewski na Wang kule Pittsburgh 1995, mwaka huohuo Sawamoto na wenzake Kyoto kwa ruteniamu, afu 1998 tena CSIRO na ile ya salfa yenye rangi ya waridi na harufu ambayo mke hatakuruhusu uingie nayo ndani. Wazo ni lilelile la usingizi, sitazieleza moja moja.

Ila kuna kitu kimoja pale lazima nikiseme maana ndo kilichonisumbua zaidi. Mwanzoni kabisa, radikali za minyororo na nitroksidi zipo sawa kwa idadi. Minyororo miwili ikikutana kabla haijalazwa, inashikana na kufa kama kawaida. Sasa zile nitroksidi mbili zilizokuwa za hao wawili zimebaki hazina mtu, na zenyewe kwa zenyewe hazishikani. Zinazurura. Wakifa wawili wengine, zinaongezeka mbili. Zinazidi kuwa nyingi mpaka mnyororo wowote ukiamka unadakwa kabla haujakutana na mwenzake. Hanns Fischer wa Zurich ndiye aliyelieleza hili vizuri kwa hesabu.

Yaani vifo vya mwanzo ndo vinavyolinda waliobaki. Bila hao wachache kufa, utaratibu hausimami.

Niliandika hiyo sentensi kwenye daftari nikaifuta. Nikaiandika tena. Kuna mambo ya familia yetu siwezi kuyaandika hapa, ila mtu aliyekuwa mtoto wa tatu baada ya wawili waliozikwa na mama ambaye baada ya hapo hakuacha mtoto yeyote anywe maji yasiyochemshwa, huyo atanielewa kwa nini nilifunga daftari nikaenda kutembea.

## Hata zile hai

Bado nilikuwa na faraja moja: angalau ile nyekundu yangu ya Ujerumani ilikuwa hai kweli. Haikulala. Ilisimama usiku mzima macho wazi.

Nikafungua notisi zangu za zamani kuhakikisha, na ningeacha ningefanya vizuri.

Ukipima kasi ya stairini na lithiamu kwenye kiyeyushi kama sikloheksani, ukizidisha minyororo mara nne, kasi haiongezeki mara nne. Inaongezeka mara mbili. Kipeuo cha pili. Na maelezo ya hilo yamo kwenye notisi kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeyapigia mstari kabisa, ila nadhani wakati ule nilikuwa nayasomea mtihani tu: minyororo mle ndani inakaa wawili wawili, ncha kwa ncha, lithiamu zimewashika. Na wakiwa wawili hawakui. Anayekua ni yule aliyeachana na mwenzake kwa kitambo kidogo tu, afu anarudi.

Kumbe na wao walikuwa wamelala.

Tena ndo hao hao wa kwenye soli, maana soli zinatengenezwa kwa lithiamu na viyeyushi vya aina hiyo.

Mwaka 2010 watu wa IUPAC, wale wanaopanga majina ya kemia, walitoa mapendekezo kwamba hizi za radikali zisiitwe hai tena, na neno kudhibiti lisitumike hivihivi peke yake. Wakapendekeza jina refu lenye maana ya kuzimwa kunakoweza kurudishwa nyuma. Zamani nilikuwa nalicheka lile jina, nikisema wazungu wakikosa kazi wanabadilisha majina. Safari hii nikalisoma polepole nikaona wana hoja, maana "hai" inakufanya uwaze mtu anakimbia, na hapa hakuna anayekimbia. Na "kudhibiti" inakufanya uwaze kuna mtu kashika fimbo. Mimi nilidhibiti nini? Nilibadilisha mpira wa kuzibia chupa.

## Fundo

Jumamosi iliyopita nikaenda. Sikuwa na kiatu kibovu, nikabeba mkoba wa binti yangu ambao zipu imekaa upande, ili nisionekane nimekuja kuhutubia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Umepotea."

Nikamwambia nimekuja na jibu lako. Hakukumbuka swali. Ikabidi nimkumbushe, kisu, soli, katambuga, akasema aaa, enhe. Nikaanza. Nikamwambia habari ya mnyororo wa kawaida unaokufa baada ya sekunde, na wa aina hii ambao ukimaliza chakula unakaa unasubiri, kwa hiyo unampa stairini, akimaliza unampa butadaini, akimaliza unampa tena stairini, hakuna anayepanga, ni zamu ya kumimina tu. Nilieleza vibaya, narudi nyuma kila saa, watu wawili waliokuwa wanasubiri viatu wakawa wananiangalia kwa huruma.

Mzee alikuwa anashona mkoba wakati wote huo. Uzi ukamwishia katikati. Akachukua mwingine, akaupaka nta, akauunga kwenye mkia wa ule wa kwanza kwa kuusokota, akaendelea.

"Kwa hiyo hamfungi fundo," akasema.

"Eeh?"

"Uzi ukiisha ukafunga fundo, basi, hapo pameisha. Usipofunga, unaunga mwingine. Hata wa rangi nyingine. Si ndo unachosema?"

Nikabaki nimeshika kipande cha tairi. Ndo ninachosema, nikamwambia. Wiki tano, mzee, ndo ninachosema.

Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akanipa mkoba. Afu akaniambia nivue kiatu. Akakikunja pale vidole vinapokunjia, akanionyesha kwa kidole gumba. Kwenye mkunjo soli ilikuwa na mipasuko midogo-midogo, mingi, kama ardhi ya bwawa lililokauka.

"Na hii? Zote za namna hii zinapasuka hapa. Ukiziacha juani ndo kabisa. Ni hizo stairini zako?"

Hapana, nikasema, hapo ni butadaini, ile ya katikati. Inabakiwa na maungio mawili-mawili kati ya kaboni na kaboni, sasa jua na ile ozoni ya hewani zinakuja kuyakata. Wapo wanaoijaza haidrojeni ili...

"Ngoja kwanza mwalimu," akasema, "kuna mteja."

Nikavaa kiatu, nikavuta kigoda.